Kiraka cha Gramu 11

Boti yangu ya rimoti ina urefu wa sentimita 70, bodi yake ni ya faiba, na ikiwa na betri mbili zilizojaa huteleza juu ya maji kwa mwendo unaokaribia kilomita 60 kwa saa. Jumapili moja asubuhi, mwezi uliopita, iligonga mwamba katika Ziwa Victoria, hapa Mwanza, umbali wa kama mita 50 kutoka nilipokuwa nimesimama. Nilisikia mlio mkavu, kama wa kibuyu kilichoanguka sakafuni, kisha boti ikaruka, ikaangukia ubavu na kuanza kuzunguka taratibu huku omo, yaani sehemu yake ya mbele, likizidi kuinuka, dalili kwamba maji yalikuwa yakiingia upande wa nyuma. Naandika kwa kirefu namna nilivyoitengeneza kwa sababu hii ni mara ya pili kuitengeneza mahali pale pale, na mara ya kwanza nilikosea kosa ambalo nimeliona pia kwenye boti za wenzangu: niliziba tundu nikasahau umbo.

Mwamba wenyewe haukuwa mgeni kwangu. Maji ya ziwa yalipanda sana mwaka 2020, yakapanda tena mwaka 2024, na baadhi ya mawe ya karibu na ufuko ambayo ndege walikuwa wakitua juu yake yamebaki yamefunikwa na maji machache. Huu niliougonga, wimbi likipanda huuoni kabisa, na wimbi likishuka mgongo wake hufika usawa wa maji kwa sekunde moja tu. Sasa nimeuwekea alama ya chupa tupu iliyofungwa kamba na jiwe, jambo ambalo ningepaswa kulifanya tangu siku ya kwanza.

Sikuingia majini kuifuata. Katika ziwa hili kuna kichocho, na hakuna boti ya mfano inayostahili mtu kusimama kwenye maji ya magugu hadi mapajani kwa ajili yake. Vijana wawili waliokuwa wakirudi na mtumbwi waliniletea, na mmoja wao akaigeuzageuza mikononi akauliza, “Kaka, hii inaendeshwa na nini wakati haina waya?” Nilimweleza kwamba ni mawimbi ya redio, na kwamba jambo hilo si geni hata kidogo, kwa kuwa Nikola Tesla alionyesha boti ndogo inayoendeshwa kwa redio katika ukumbi wa Madison Square Garden jijini New York mwaka 1898, kabla ya watu wengi kujua redio ni kitu gani. Nilimweleza pia kwa nini ilikuwa imeacha kunitii: rimoti za siku hizi hutumia masafa ya gigahezi 2.4, na mawimbi hayo hayapenyi maji, kwa hiyo bodi ikijaa maji na kipokezi kikazama, mwenye rimoti hana tena la kufanya. Vilivyoiokoa isizame kabisa ni vipande vya povu gumu nilivyovibana ndani ya omo.

Saa ya kwanza baada ya ajali haihusu ufa. Nilichomoa betri palepale ufukoni, nikamwaga maji, nikaacha kifuniko wazi. Nyumbani nilichomoa shafti inayonyumbulika kutoka kwenye bomba lake, kwa sababu maji yakilala humo usiku mmoja kutu inaanza, nikaikausha kwa kitambaa na kuipaka grisi mpya. Mota niliizungusha kwa mkono hadi maji yakaacha kudondoka, nikaipulizia mafuta mepesi kwenye beringi. Betri moja kati ya mbili ilikuwa imebonyea pembeni. Betri za lithiamu za aina hii hazipaswi kuchajiwa tena zikiwa zimebonyea au kuvimba, maana zinaweza kuwaka moto, kwa hiyo niliitoa kazini bila kuionea huruma bei yake. Anayeendesha boti yake baharini, kama tulivyofanya utotoni kwetu Tanga kwa vifaa duni zaidi, aongeze hatua moja: aisuuze boti nzima kwa maji baridi ya bomba kabla chumvi haijakauka.

Kabla ya kugusa ufa, ni lazima kujua bodi imetengenezwa kwa kitu gani, kwa sababu boti nyingi zinazouzwa tayari dukani ni za plastiki ya ABS na dawa yake ni tofauti. Ukichungulia ndani ya bodi ya faiba utaona nyuzi za kitambaa zikipishana chini ya resini, ule utomvu unaoganda na kuzishika, ilhali plastiki ni laini na ya rangi moja. Ukibaki na shaka, tia tone la asetoni mahali pasipoonekana: ABS italainika na kunata, faiba iliyokauka vizuri haitabadilika. Mwenye ABS ana njia nyepesi, kwani anaweza kuyeyusha vipande vidogo vya plastiki hiyo hiyo ndani ya asetoni mpaka upatikane uji mzito, akaujaza kwenye ufa na kuuimarisha kwa ndani. Yangu ni faiba, na kuanzia hapa nazungumzia faiba peke yake.

Marehemu babu yangu alikuwa fundi wa mashua, na nimekua nikiona watu wakikalafati: pamba iliyolowekwa mafuta husukumwa kwa patasi kati ya ubao na ubao, halafu chombo kikishaingia majini mbao huvimba na kuibana pamba hiyo mpaka maji yanakosa njia. Fikra hiyo ndiyo niliyokuwa nayo miaka miwili iliyopita boti hii ilipopasuka kwa mara ya kwanza, ufa wa sentimita 6 kulia kwa mkuku, ule uti unaopita katikati chini ya boti. Nilinunua puti ya kuziba mabati ya magari, nikaishindilia kwenye ufa, nikaongeza nyingine juu yake, nikapiga msasa kwa kidole na kupaka rangi. Maji hayakuingia. Lakini boti ya faiba haina ubao na ubao. Ni ngozi moja, na nguvu yake yote imo kwenye nyuzi za kioo zinazotoka upande mmoja wa bodi kwenda mwingine bila kukatika. Resini kazi yake ni kuzishika nyuzi hizo zisiteleze. Ufa ni mahali ambapo nyuzi zimekatika, na ukijaza kitu chochote kisicho na nyuzi ndani yake, nyuzi zitabaki zimekatika vilevile, hata kama kwa macho pamekuwa pazuri kuliko mwanzo.

Na kweli palikuwa pazuri kwa macho. Puti ile ilikuwa imeongeza gramu 70, karibu zote upande mmoja, na kwenye sehemu ya chini ilikuwa imeacha uvimbe ambao sikuujua mpaka nilipoweka rula miezi kadhaa baadaye. Tangu nilipoipaka puti ile boti haikuwahi kutulia. Kila nilipovuka nusu ya mwendo ilianza kudunda, omo likipanda na kushuka bila kukoma hata kwenye maji yaliyolala kama kioo. Nilibadilisha propela, nikasogeza betri mbele, nikarekebisha pembe ya shafti, na nikalaumu kila kitu isipokuwa kazi ya mikono yangu mwenyewe. Mwamba ulipogonga tena mahali pale, puti ilibanduka kipande kizima kama gamba la samaki, na ufa ukaendelea kutoka pale ulipoishia zamani hadi ukafika sentimita 9.

Safari hii nilikwenda kwanza kwa mzee mmoja anayetengeneza boti za faiba za wavuvi, nikiwa nimeifunga boti yangu kwenye khanga.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu. Umeniletea mtoto mchanga?”

Alipoifungua hakucheka wala kushangaa udogo wake. Aliingiza mkono ndani kupitia mlango wa juu, akapapasa kimyakimya kwa muda, kisha akachukua sarafu ya shilingi mia mbili na kuanza kuigonga bodi kwa ukingo wake, akienda hatua kwa hatua kutoka kwenye ufa kuelekea pembeni. Palipo pazima sarafu ilitoa mlio mkali na mfupi. Kadiri alivyokaribia ufa mlio ulifubaa, ukawa kama wa kugonga boksi la karatasi, na hapo alichora alama kwa penseli. Alipomaliza kulikuwa na duara refu lenye upana wa karibu sentimita 5, wakati ufa wenyewe ulikuwa mwembamba kama unywele. Ndani ya duara lile matabaka ya kitambaa yalikuwa yameachana ingawa kwa nje rangi haikuwa imechubuka.

“Haya ndiyo maradhi yako,” alisema. “Ule ufa ni mlango tu. Na ukisugua, usiache mahali panapong'aa. Faiba haishiki kwenye kitu kinachong'aa. Ukiona mng'ao, hujamaliza.”

Kuna msemo tuliokuwa tukiusikia kwa wazee wa pwani, kwamba uende tezi, uende omo, marejeo ni ngamani, tezi likiwa nyuma ya chombo na ngama ikiwa tumbo lake la ndani. Kwa fundi wa boti maneno hayo ni maelekezo kabisa. Nilirudi ngamani usiku ule ule. Nilizima taa za chumbani, nikaweka tochi ya simu nje ya bodi mahali ambapo nilikuwa nimekwisha kukwangua rangi, na nikachungulia ndani. Faiba isiyopakwa rangi hupitisha mwanga, na palipoachana matabaka palionekana kama ukungu ndani ya ile rangi ya asali ya resini nzima. Mpaka wa ukungu ule ulilingana na alama za sarafu ya mzee, isipokuwa sehemu moja karibu na ukuta wa tezi ambapo ulienda sentimita moja mbele zaidi. Nilipaongeza kwenye mchoro.

Kuhusu resini, mafundi wengi wa boti kubwa hutumia poliesta, nayo ni nzuri na ya bei nafuu, lakini kwa kiraka nilichagua epoksi. Sababu ni kwamba kiraka hakiungani na bodi ya zamani kikemikali. Kinaishikilia tu kama gundi, na epoksi hushikilia uso uliokwisha kukauka kwa nguvu zaidi kuliko poliesta. Mpangilio huu hauna marejeo: juu ya poliesta ya zamani unaweza kuweka epoksi, lakini juu ya epoksi poliesta haishiki vizuri, kwa hiyo ukishachagua epoksi mahali fulani, matengenezo yote yajayo ya mahali hapo yatakuwa ya epoksi. Kuna faida nyingine iliyonihusu moja kwa moja, kwamba poliesta ina kiyeyushi kinachokula povu jeupe la kufungashia vifaa, na ndani ya omo langu kuna povu la aina hiyo.

Kitambaa nacho kichaguliwe kwa kuangalia resini. Ile faiba inayouzwa kama mkeka wa nyuzi fupi zilizotawanyika hushikamanishwa na dawa iliyokusudiwa kuyeyuka ndani ya poliesta, na ukiitumia na epoksi mara nyingi hubaki ngumu, haikai kwenye kona. Nilitumia kitambaa kilichofumwa cha gramu 160 kwa mita ya mraba, ambacho kwa boti ya ukubwa huu kinatosha. Kitambaa kizito kingefanya kazi iishe haraka lakini kisingekubali kufuata zile kingo ndogo ndefu zinazokimbia chini ya bodi.

Jambo la kwanza lilikuwa kurudisha bodi kwenye mstari kabla ya kuibandika chochote, na hapo ndipo nilipotumia muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Nilitoboa tundu la milimita 2 kila mwisho wa ufa ili usiendelee kutembea. Nikachukua kipande cha plastiki ngumu inayopinda, kilichokatwa kutoka kwenye ndoo yenye ukuta ulionyooka, nikakipaka nta ya viatu mara tatu, nikakibana kwa nje juu ya ufa kwa tepu na vipande vya ubao, kuanzia sehemu nzima ya mbele hadi sehemu nzima ya nyuma. Midomo ya ufa ilikuwa imepishana kama milimita moja. Nilipoibana plastiki, midomo hiyo ilirudi usawa mmoja, na plastiki hiyo ikawa kalibu yangu. Kwa ndani nikasugua kwa msasa namba 80 mpaka kila mng'ao ukaisha, nikivaa barakoa na glavu na mikono mirefu, kwa sababu vumbi la faiba ni vipande vya kioo na mapafu hayana namna nzuri ya kuvitoa. Ni afadhali kazi hii ifanyike nje ya nyumba, upepo ukiwa mgongoni.

Sasa hesabu, ambayo naipenda kwa sababu inaonyesha jinsi kiraka kizuri kilivyo chepesi. Kwa ndani nilikata vipande viwili vya kitambaa, kimoja cha sentimita 12 kwa 5 na kingine cha 14 kwa 7, nyuzi za cha pili zikiwa zimelala mshazari dhidi ya cha kwanza. Eneo lake lote ni sentimita za mraba 158, na kwa kitambaa cha gramu 160 kwa mita ya mraba hiyo ni gramu mbili na nusu. Resini inayohitajika ni uzito unaolingana na wa kitambaa au zaidi kidogo. Kwa maneno mengine, tabaka zima la ndani lilihitaji epoksi ya kujaza kifuniko cha chupa ya soda. Nilichanganya zaidi ya hapo kwa sababu kiasi kidogo mno ni vigumu kukipima sawasawa: mililita 8 za resini kwa mililita 4 za hadina, yaani dawa ya kuigandisha, nikitumia mabomba mawili ya sindano kutoka duka la dawa, moja kwa kila chupa na bila kuyabadilisha. Resini yangu inataka mbili kwa moja kwa ujazo. Nyingine zina uwiano tofauti, na zipo zinazopimwa kwa uzito, kwa hiyo maandishi ya chupa ndiyo yafuatwe. Hadina ya epoksi haiongezwi ili ikauke haraka. Ikizidi au ikipungua, mchanganyiko hubaki unanata milele.

Nilikoroga kwa dakika mbili kamili, nikikwangua pembeni na chini ya kikombe, kisha nikaumimina mchanganyiko wote kwenye kisahani kipana. Epoksi ikikaa kwenye kikombe hujipasha moto yenyewe, na kwa mchana wa hapa wa nyuzi joto 28 inaweza kuganda mkononi kabla hujamaliza. Ikitandazwa nyembamba joto linatoka na unapata muda wa kufanya kazi kwa utulivu. Nikapaka uso mtupu kwanza, nikalaza kitambaa kidogo, nikakigongagonga kwa ncha za brashi iliyokatwa fupi mpaka weupe wake ukatoweka na kikawa kama maji, ndipo nikaweka kikubwa juu yake. Mwisho nikafunika kwa karatasi ya nailoni na kusukuma resini iliyozidi kuelekea pembeni, nikaifyonza kwa karatasi za chooni. Kiasi kilichotoka kilinishangaza. Resini inayobaki bila nyuzi haiongezi nguvu. Inaongeza uzito na huvunjika kirahisi.

Niliiacha kwa saa 24 bila kuigusa. Kwenye unyevu wa kandokando ya ziwa epoksi nyingi hutoa utando juu yake unaoteleza kama sabuni. Utando huo hauondoki kwa msasa, ambao huusambaza tu. Unaondoka kwa maji ya kawaida na kitambaa kigumu, na unapaswa kuoshwa kabla ya tabaka lolote linalofuata.

Kalibu ilipotoka, chini ya boti palikuwa pamenyooka lakini ufa ulikuwa bado unaonekana kwa nje, na nyuzi zilizokatika bado zilikuwa mle. Hapo ndipo nilipochonga mteremko. Kanuni ambayo watengenezaji wa boti huifuata ni kwamba mteremko uwe na urefu wa mara 12 ya unene wa bodi, na bodi yangu ina unene wa milimita moja na nusu, kwa hiyo kutoka katikati ya ufa nilichonga milimita 18 kila upande, kina kikipungua polepole mpaka sifuri. Kwa mtu asiyezoea, kuchonga sehemu kubwa hivyo kuzunguka ufa mwembamba kama unywele huonekana ni uharibifu. Lakini hayo ndiyo mapana ambayo nyuzi mpya zinahitaji ili zipokee mzigo kutoka kwa nyuzi za zamani taratibu. Ukichonga mteremko mfupi, mzigo wote unaangukia mstari mmoja na bodi itapasuka tena pembeni mwa kiraka. Nikalaza matabaka matatu ndani ya bonde lile, dogo likitangulia na kubwa likimalizia, nikiyaacha chini ya usawa wa bodi kwa kiasi cha unene wa ukucha.

Pengo hilo dogo lilijazwa na puti niliyoitengeneza mwenyewe kwa epoksi na unga mwepesi wa viputo vya kioo, ambao ni laini kwa msasa na karibu hauna uzito. Puti ya magari, mbali na uzito wake, hunyonya maji ikiachwa majini, na sasa naelewa kwa nini rangi ya kiraka changu cha zamani ilikuwa ikifanya malengelenge.

Hapa nimefika kwenye lile ninalolijali kuliko yote. Sehemu ya chini ya boti ya mwendokasi ina umbo la herufi V, umbo ambalo kwa boti kubwa za baharini lilipata sifa mwaka 1960, wakati boti iliyochorwa na Ray Hunt wa Marekani, iitwayo Moppie, iliposhinda mashindano ya kutoka Miami hadi Nassau katika bahari iliyochafuka. V ile hukata mawimbi badala ya kuyapiga. Lakini boti ikishainuka na kuanza kuteleza, inabebwa na sehemu ndogo sana ya nyuma, na kwa boti yangu hiyo ni robo tu ya urefu wake. Kila milimita ya sehemu hiyo ina kauli juu ya mwendo. Ikiwa kuna uvimbe karibu na tezi, maji yanayoufuata huvuta tezi chini, omo linapanda, linashuka, linapanda tena, na huo ndio mdundo ulionisumbua kwa miaka miwili. Ikiwa kuna bonde linaloishia kwa ukingo ulioshuka, tezi linainuliwa, omo linakandamizwa majini na boti inaweza kugeuka ghafla ikiwa kwenye mwendo mkali. Makosa yote mawili huzaliwa na msasa unaoshikwa kwa vidole, kwa kuwa kidole hufuata mabonde na kuyaongeza.

Nilibandika msasa namba 120 kwenye kipande cha ubao ulionyooka wa sentimita 25 na kusugua mshazari, kwanza upande mmoja kisha upande wa pili, bila kukandamiza. Kabla ya kila mzunguko nilichora chini yote kwa penseli mistari iliyobanana. Penseli ikifutika haraka, hapo pana mlima. Ikibaki, hapo pana bonde. Niliongeza puti mara mbili kwenye bonde moja ambalo macho hayakuliona kabisa. Kisha nikalaza rula ya chuma kuanzia ukuta wa tezi kuelekea mbele, sambamba na mkuku, nikaweka tochi nyuma yake na kutafuta mwanga chini ya rula. Siku ya tatu jioni mwanga haukupita popote katika sentimita 25 za mwisho. Ukingo ambapo chini hukutana na ukuta wa tezi niliuacha mkali kama wa sanduku, kwa sababu maji yanatakiwa yaachane na bodi pale kwa ghafla. Ukiuviringa kidogo tu kwa ajili ya urembo, maji hupanda na kung'ang'ania ukuta wa tezi, na boti inapoteza mwendo.

Rangi haikunichukua muda. Msasa namba 240, kisha 400 kwa maji, tabaka mbili nyembamba za rangi ya kupuliza, basi. Rangi yenyewe ni uzito, na sehemu inayokutana na mawe haihitaji kung'aa.

Kabla ya ajali, nikiwa bado na ile puti, boti tupu ilikuwa na gramu 1,998. Bila puti na bila kiraka ilikuwa gramu 1,927, na baada ya kazi yote, rangi ikiwemo, ikawa gramu 1,938. Kiraka kizima, matabaka matano ya kitambaa pamoja na epoksi na puti yake, ni gramu 11.

Niliipima uvujaji kwenye beseni la kufulia kwa usiku mzima, ikiwa imebebeshwa mifuko ya mchanga yenye uzito wa betri, na ndani, juu ya mstari wa kiraka, nikiwa nimetandika karatasi ya chooni kavu, ambayo hubadilika rangi hata kwa tone moja. Nilisubiri epoksi itimize wiki nzima ndipo nikarudi ziwani, asubuhi mapema kabla ya upepo, nikiwa na betri moja iliyobaki na nyingine ya kuazima. Mara mbili za kwanza nilikwenda kwa nusu ya mwendo. Mara ya tatu niliibana rimoti mpaka mwisho, boti ikainuka, ikatulia juu ya mstari wake mweupe wa povu, na omo halikudunda hata mara moja kutoka upande mmoja wa ghuba hadi mwingine. Nilipoileta ufukoni na kufungua kifuniko, kulikuwa na joto la mota na harufu ya grisi, na karatasi iliyokuwa juu ya kiraka ilikuwa kavu.